Antaktika inaishia wapi, na maji yanayoizunguka ni ya bahari gani?

Mwalimu wa Kamalondo, Lubumbashi
Ndugu zangu, ninafundisha jiografia katika shule ya sekondari, na wiki hii mwanafunzi ameniuliza swali ambalo sikutaka kulijibu haraka. Ramani ya ukutani inaonyesha Atlantiki, Bahari ya Hindi na Pasifiki zikifika hadi ufuko wa Antaktika, lakini atlasi yake ya nyumbani inaonyesha Bahari ya Kusini ikilizunguka bara zima. Ipi ni sahihi? Na bahari isiyo na nchi kavu upande wa kaskazini huwekewaje mpaka? Nilimchorea Duara la Antaktiki, ila mwenyewe sikuridhika.

Mama wa Kadutu, Bukavu
Jambo, Mwalimu. Una haki ya kutoridhika. Duara hilo, karibu na nyuzi 66 na nusu, ni mstari wa jua: kusini yake kuna angalau siku moja kwa mwaka ambapo jua halizami. Halionyeshi mwisho wa nchi, kwa maana Rasi ya Antaktika inalivuka na kufika karibu na nyuzi 63.

Kisheria hutumika nyuzi 60 Kusini. Mkataba wa Antaktika, uliotiwa sahihi Washington tarehe 1 Desemba 1959 na nchi 12, Ubelgiji ikiwamo (sisi tukiwa bado chini yake), unahusu eneo lote la kusini ya mstari huo. Lakini ukisafiri majini hutaona chochote kinachouonyesha.

Mimi ningemwanzishia mtoto na mpaka wa maji yenyewe, ambao naona ndio wa kweli zaidi. Maji baridi ya kusini yanapokutana na maji yenye joto kidogo ya kaskazini, huzama chini yake kwa kuwa ni mazito zaidi, na baharia anayevuka hapo huona kipimajoto kikishuka nyuzi kadhaa katika mwendo mfupi. Mpaka huo unapindapinda, kwa sehemu kubwa kati ya nyuzi 50 na 60. Tazama kisiwa cha Georgia Kusini: kiko nyuzi 54, na sehemu yake kubwa imefunikwa na barafu mwaka mzima. Kisiwa cha Hornos, kwenye ncha ya Amerika ya Kusini, kiko nyuzi 56, yaani kusini zaidi, na bado kinaota miti. Cha kwanza kimo ndani ya maji baridi, cha pili kiko nje. Ndiyo sababu mkataba wa mwaka 1980 wa kuhifadhi viumbe wa bahari hizo uliufuata mpaka huu badala ya kuishia nyuzi 60.

Msoma Ramani, Goma
Mama ameeleza vizuri. Kuhusu jina, Shirika la Kimataifa la Hidrografia liliiondoa Bahari ya Kusini katika toleo la mwaka 1953 la kitabu chake cha mipaka ya bahari, na pendekezo la mwaka 2000 la kuirudisha halikupitishwa rasmi. National Geographic, shirika la Marekani linalochora ramani, ilianza kuichora mwaka 2021. Kwa hiyo ramani zote mbili zina msingi wake.

Lakini, Mwalimu, hata ufuko hautulii. Bara lina kilomita za mraba milioni 14 hivi, karibu mara sita ya Kongo yetu, na bahari iliyoganda kulizunguka hupanuka kutoka milioni 3 mwezi wa Februari hadi takribani milioni 18 mwezi wa Septemba. Meli ya Kibelgiji Belgica ilinaswa humo mwaka 1898, ikakaa zaidi kidogo ya mwaka mzima.

Mwalimu wa Kamalondo, Lubumbashi
Nawashukuru sana. Jumatatu nitafuta lile duara ubaoni na kuchora mistari miwili, wa nyuzi 60 kwa rula na wa maji baridi kwa mkono, kisha nimwombe mwanafunzi huyo aweke Georgia Kusini na Hornos mahali pake.