Naomba ushauri: fulana za kila siku zinazokaa vizuri na kudumu, nazichaguaje?

Kifua_Kipana (mleta uzi)
Wakuu salaam. Nataka kununua fulana za kuvaa kila siku, kazini (kwetu hakuna sare) na hata mwisho wa wiki. Nina shida mbili. Ya kwanza ni umbo: kifua na mabega ni mapana, na tumbo nalo limeanza kuonekana. Nikichukua L inanibana kwapani, nikichukua XL bega linashukia mkononi. Ya pili ni uimara. Ukosi unalegea mapema, na zikishafuliwa zinapinda hadi mshono wa ubavuni unahamia mbele tumboni. Sina haja ya michoro wala fasheni, nataka rangi za kawaida tu: nyeusi, nyeupe, bluu iliyokoza. Nikiwa dukani niangalie nini hasa? Na je, bei kubwa ina maana yoyote?

Fundi_Sindano
Mkuu, anza na mabega. Mshono wa bega ukae kwenye ncha ya mfupa wa bega, pale mkono unapoanzia. Ubavuni naweza kupunguza, urefu naweza kukata na kupinda upya, lakini bega likiwa kubwa inabidi nifumue mkono mzima, na ufundi wake unaweza kuzidi bei ya fulana yenyewe. Kwa umbo lako, chukua inayokaa sawa begani na kifuani. Kiuno kikipwaya, fundi ataipunguza ubavuni kwa muda mfupi.

Ukiivaa, inua mikono yote juu. Tumbo likionekana, hiyo ni fupi. Ukishusha mikono, pindo liishie chini kidogo ya mkanda, usawa wa katikati ya zipu. Mkono wa fulana uishie katikati ya msuli wa juu, na vidole viwili vipite bila kulazimisha.

Halafu hizo herufi usizitegemee. Hakuna kipimo kimoja kinachofuatwa na viwanda vyote, L ya huyu ni M ya yule. Chukua fulana yako inayokukaa vizuri kuliko zote, itandaze mezani, pima kwa futi ya kitambaa: kwapa hadi kwapa, bega hadi bega, na kutoka begani karibu na shingo hadi pindo. Hifadhi namba kwenye simu, nenda nazo dukani. Kwa mfano mwenye kifua cha sm 104 atafute upana wa sm 55 hadi 57 kutoka kwapa hadi kwapa. Hapo anapata nafasi ya sm 6 hadi 10 kuzunguka mwili, inatosha kupumua bila kuonekana amevaa ya kuazima.

Kifua_Kipana
Asante sana fundi. Na hili la kupinda, ni ufuaji wangu au ndivyo ilivyoshonwa?

Fundi_Sindano
Mara nyingi ni kitambaa, siyo wewe. Uzi ukisokotwa unabaki na hamu ya kujisokotoa. Ukifika kwenye maji unalegea na kuvuta kitambaa upande mmoja. Ikiwa kiwanda kilikata kitambaa kabla hakijatulia, au kilikata mshazari ili kubana matumizi, utaona matokeo baada ya kufua. Kabla ya kulipa, ikunje fulana kwa urefu, ubavu juu ya ubavu. Ikiwa mishono haikutani au pindo la chini linapishana, irudishe ilikotoka.

Igeuze ndani nje pia. Nyuma ya shingo kuwe na kitepe kilichofunika mshono, na ni vizuri zaidi kikifika hadi mabegani, kwa sababu ndicho kinachozuia bega lisivutike. Pindo la chini na la mikono liwe na mistari miwili ya uzi. Kisha vuta ukosi kwa vidole na uuachie: ukirudi palepale ni mzuri, ukibaki na mawimbi umeshachoka kabla hujauvaa.

Mama_Wawili
Kaka, mimi ndiye ninayemnunulia mume wangu, na yeye ana umbo kama lako. Kwa mtu mwenye tumbo, kitambaa ni muhimu kuliko hata kipimo. Kitambaa chepesi kinashika kila mkunjo wa mwili, chenye uzito kidogo kinashuka chenyewe. Ukikuta uzito umeandikwa, gramu 140 hadi 160 kwa mita ya mraba ni nyepesi, 180 ni ya wastani, kuanzia 200 ni nzito. Kwa kila siku mimi sishuki chini ya 180, hasa nyeupe. Ikiwa hazijaandikwa, ingiza mkono ndani ya fulana uuelekeze kwenye mwanga. Ukiona vidole vyako wazi, na chuchu zitaonekana.

Jasho_Jingi
Napingana kidogo na dada hapo juu. Kwa anayetokwa jasho sana, gramu 200 ni mateso. Mimi navaa za 160 za pamba tupu, nyeusi au nyeupe. Kijivu nimekiacha kabisa maana kila tone la jasho linaonekana. Polista tupu inakauka haraka, lakini harufu ya kwapa inang'ang'ania humo hata baada ya kufua.

Mama_Wawili
Kweli, kwa mtu wa jasho nakubali. Ila mleta uzi hajalalamikia jasho, amelalamikia tumbo.

Dobi_Mzoefu
Mimi nafua nguo za watu, kwa hiyo naziona zinapoharibikia. Fulana ya pamba ambayo kitambaa chake hakikusinyazwa kiwandani kabla ya kushonwa inaweza kurudi (kusinyaa) asilimia 5 au zaidi ikifuliwa mara ya kwanza. Kwa yenye urefu wa sm 72, hizo ni kama sm 3 na nusu. Usinunue inayokutosha kwa shida ukitegemea itaachia, kwenye urefu haiachii. Yenye mchanganyiko wa polista hairudi sana, ila ya bei ya chini huota vitonge vya manyoya, hasa ubavuni na kwapani. Pamba nzuri imechanwa kama nywele kwa kitana, nyuzi fupi zimeondolewa, ndiyo maana uso wake ni laini. Itazame ikiwa usawa wa macho, kwenye mwanga: vinyoya vikiwa vimesimama tangu dukani, vitonge vinakuja.

Fua kwa maji ya baridi, imegeuzwa ndani nje. Nyeusi anika kivulini. Usiitundike kwenye henga ikiwa imelowa, uzito wa maji unavuta mabega na ukosi, ni bora kuikunja juu ya kamba. Na nyeupe yenye spandeksi (nyuzi zinazovutika) usiitie dawa ya kung'arisha yenye klorini, inaweza kugeuka njano. Ile njano ngumu ya kwapani mara nyingi inatokana na jasho kukutana na aluminiamu iliyo kwenye dawa ya kuzuia jasho. Acha dawa ikauke mwilini kwanza ndipo uvae.

Kifua_Kipana
Nimepata mwanga mkubwa. Limebaki la bei.

Fundi_Sindano
Bei inapanda kwa haki pale unapolipia pamba bora na ushonaji, baada ya hapo unalipia jina lililoandikwa kifuani. Gawanya bei kwa miezi unayotarajia kuivaa ukosi ukiwa bado umesimama, utaona ipi ni ghali. Halafu usibebe dazeni siku ya kwanza. Nunua moja, ifue mara tatu nne, ipime tena kwa futi ileile. Ikishika vipimo, rudi haraka uchukue za rangi nyingine, kwa sababu mzigo unaofuata unaweza kuja na kitambaa tofauti chini ya lebo ileile.