Mtoto anatokwa na vitu vyeupe kama chaki kwenye kiwiko, naomba ushauri

Habari zenu wakuu, binti yangu ana miaka 8, mwaka jana alianza kushindwa kupanda ngazi, kope zikawa za zambarau na vifundo vya vidole vikatoka vipele vyekundu, tukaambiwa ni dematomayositisi ya watoto yani kinga ya mwili inashambulia misuli na ngozi yake mwenyewe. Yuko kwenye prednisoloni (ni steroidi) na methotreksati ya mara moja kwa wiki, zote za kutuliza kinga, nguvu zimerudi anakimbia vizuri tu. Sasa viwiko vimeota vivimbe vigumu kama kokoto, kimoja kimepasuka kinatoa uji mweupe. Dokta kasema ni kalisiamu imejikusanya chini ya ngozi, inawatokea baadhi ya hawa watoto hasa ugonjwa ukichelewa kudhibitiwa. Bibi yake kashikilia nimkatishe maziwa na dagaa, dokta kakataa kabisa maana steroidi zinadhoofisha mifupa (namwelewa, ila kumshinda mama mkwe sio kazi ndogo).

Kuna aliyepitia hii? Vivimbe viliisha vyenyewe au mtoto alifanyiwa oparesheni? Na kidonda mlikisafishaje, maana sweta ya shule inagandia pale akiivua analia sana. Kwa hapa Dar daktari bingwa wa viungo vya watoto anapatikana wapi?