Laibrari ngumu kutesti, niichukue au niiache?

kodi_usiku:
Wadau, naunganisha malipo ya M-Pesa kupitia Daraja (API ya Safaricom), tunatumia Java. Nina laibrari mbili mkononi, yaani kodi iliyoandikwa tayari na wengine. Ya kwanza mistari mitatu tu STK push (ombi la malipo linalotokea kwenye simu ya mteja) imetoka, ila kila kitu ni static, huwezi kukibadilisha kwa kingine, URL imeandikwa humohumo ndani na saa inajichukulia yenyewe kwenye mashine. Ya pili ina maneno mengi, URL, HTTP client (ya kutuma maombi mtandaoni) na Clock (saa ya Java) unaipa wewe. Bosi anataka ya kwanza, anasema testi ni kazi yetu. Urahisi wa kutesti niupe uzito gani?

pwani_dev:
Bosi ana hoja. Weka interfesi yako (orodha ya kazi tu, bila kodi yake) mbele, programu yote iongee na hiyo, laibrari ikae nyuma kwenye klasi moja. Kwenye testi weka feki, klasi ya kuigiza laibrari, inayorudisha ResultCode 0 ya aliyelipa, 1032 ya aliyekataa kwenye simu, 1 ya salio halitoshi, basi. Ingekuwa laibrari ya kusoma CSV hata nisingeuliza, ningebeba iliyo rahisi.

jembe_la_seva:
Mkuu hizo namba hazipitii kwenye laibrari, zinatumwa kama JSON kwenye kolbeki URL yako (anwani ya seva yako inayopokea majibu), unazitesti hata bila laibrari yoyote. Kazi ya laibrari ni ile usiyoiona: tokeni (kibali cha kuita API) inayokufa baada ya sekunde 3599, na pasiwedi ya STK ambayo ni shotikodi (namba ya biashara), passkey (ufunguo wa siri) na timestamp (tarehe na saa) vimeunganishwa vikageuzwa base64. Vyote viwili ni mambo ya muda! Sasa tokeni ikifa mteja akiwa analipa, laibrari inaomba nyingine au inatupa kosa? Ukiwa na Clock unasogeza saa mbele kwa Clock.offset, URL unaielekeza WireMock (seva ya kuigiza) irudishe kosa la tokeni iliyokufa, jibu unalipata papo hapo. Ile ya static utakaa lisaa zima unasubiri au uanze kuhangaika na mockStatic ya Mockito (zana ya kuigiza vitu vya static kwenye testi), na interfesi yako haikusaidii hapo kwa sababu feki imeiondoa laibrari yenyewe. Pesa za watu hizi, mimi nachukua ya pili bila kufikiria mara mbili.

kodi_usiku:
Nimekupata. Ila ya pili naona haijaguswa muda mrefu, isyu (matatizo yaliyoripotiwa) zimejaa hazijibiwi.

jembe_la_seva:
Hapo acha zote. Unachohitaji ni kuomba tokeni, STK push na kuuliza hali ya muamala, andika mwenyewe kwa HttpClient ya Java 11 na upokee Clock kwenye konstrakta, pale klasi inapoundwa.

pwani_dev:
Naunga mkono, kwa endipointi (anwani za API) tatu laibrari ya nini.