Pengo la nishati limeshuka hadi 2.6 eV, je chuma kimeingia kweli kwenye titani?

Kusini_Fizikia: Habari za jioni wakuu. Niko Mtwara namalizia tasnifu, nimetengeneza unga wa titani oksaidi wenye chuma kidogo ndani yake, nikachoma kwenye tanuru 500°C. Nataka utumie jua letu hili kusafisha maji ya visima, maana titani oksaidi peke yake inafyonza UV (mwanga wa urujuanimno) tu na UV ni kama asilimia 5 ya jua lote. Unga umetoka na rangi ya chai ya maziwa, kwenye grafu ya Tauc (ya kukadiria pengo kutokana na ufyonzaji wa mwanga) pengo la nishati, yaani nishati ndogo kabisa ya mwanga ambayo unga unaanza kuifyonza, limeshuka toka 3.2 mpaka 2.6 eV, na XRD (kipimo cha fuwele kwa eksirei) inaonesha anatezi tupu, ile aina moja ya fuwele ya titani oksaidi. Sasa msimamizi ananiuliza nina uhakika gani chuma kimeingia ndani ya fuwele. Nimjibuje?

MwlNdanda: Msimamizi wako yuko sahihi kabisa. Hiyo 2.6 peke yake haithibitishi kitu. Hematiti (oksaidi ya chuma) inaweza kuwa imejitenga pembeni, nayo ina pengo la kama 2.1 eV yaani inafyonza kuanzia nm 590 kushuka chini, anatezi inaanzia nm 388, sasa ukiwa nazo mbili zimekaa pembeni kwa pembeni mkunjo wa ufyonzaji unakuwa na mkia mrefu, ukiweka rula kwenye huo mkia unapata namba ya katikati ambayo sio pengo la kitu chochote. Angalia kama mkunjo una miteremko miwili. Halafu kwenye Tauc umetumia kipeo gani? Anatezi ni ya pengo lisilo la moja kwa moja, ni nusu, sio 2. Na kama ni unga umepimwa kwa mwanga unaorudi, pitisha kwanza kwenye Kubelka-Munk, fomula ya kugeuza mwanga unaorudi kuwa ufyonzaji.

BintiNachingwea: Naongezea upande wa XRD. Nusu kipenyo cha ioni ya chuma Fe3+ ni 0.645 Å na cha ioni ya titani Ti4+ ni 0.605 Å, kwa hiyo chuma kikiingia kweli kwa kawaida fuwele inatanuka kidogo na kile kilele cha anatezi cha 25.3° kinasogea kushoto. Ila dada/kaka usikimbilie kufurahi, sampuli ikikaa juu kidogo kwenye kishikio vilele vyote vinasogea, changanya na unga wa silikoni kidogo, kilele chake cha 28.44° ndio kiwe kipimo chako.

Kusini_Fizikia: Asanteni sana. Lakini hematiti si ingeonekana kwenye XRD kama ingekuwepo?

BintiNachingwea: Sio lazima. Ikiwa kidogo sana au haijawa fuwele XRD inaipita tu. Omba Raman (kipimo cha mitetemo ya atomi kwa leza), anatezi ina mstari mkali 144 cm⁻¹ na hematiti inajitokeza karibu na 225 na 292 cm⁻¹.

MwlNdanda: Na usipime kazi yake kwa rangi. Chuma kikizidi kinakuwa mahali pa elektroni na matundu (nafasi zilizoachwa na elektroni) kukutana na kufutana, unga unafyonza mwanga mwingi lakini maji hayasafishiki. Weka kichujio cha kukata kila kitu chini ya nm 400, pima tena juani, na usitumie methilini bluu (ile rangi ya kupimia usafishaji) kwa jaribio hilo maana yenyewe inafyonza mwanga unaoonekana, itakudanganya.