Android Auto bila waya inakatika, na asubuhi redio imesahau simu

dereva_ist: Wakuu, naomba msaada. Gari ni Toyota IST, imefungwa redio ya Android ya inchi 9. Bluetooth inashika, kupiga na kupokea simu hakuna shida. Ila Android Auto (ile inayoleta ramani na muziki wa simu kwenye redio) bila waya inakata baada ya dakika chache, ramani inaganda. Tena nikizima gari usiku, asubuhi redio imesahau simu, naanza kuoanisha upya. Simu ni Android 13. Mbovu ni simu au redio?

fundi_waya: Mkuu, hayo ni matatizo mawili, usiyachanganye. La kusahau simu ni la nyaya. Nyuma ya redio waya wa njano unatakiwa kupata umeme wa betri muda wote, ndio unaotunza kumbukumbu. Mwekundu ni wa ACC, unapata umeme ukiwasha swichi tu. Mafundi wenye haraka huunga yote miwili kwenye ACC. Toa ufunguo, pima kwa mita kati ya njano na mweusi (waya wa hasi). Isome kama volti 12. Ukipata sifuri, washa swichi upime tena.

mawimbi: La kukatika nalijibu mimi. Bluetooth inabeba simu za kupiga na kuanzisha muunganisho. Ramani na muziki wa Android Auto vinapita kwenye Wi-Fi, mara nyingi ya GHz 5. Ndiyo maana unaongea vizuri huku ramani imeganda.

Chomoa redio uangalie antena ya Wi-Fi: kiwaya kifupi cheusi kinachofungwa kwa kuzungusha nyuma. Mara nyingi kinaachwa kwenye boksi, au kinabanwa kwenye chuma cha fremu na mawimbi yanafia humo. Kaza kwa vidole, kielekeze upande wa plastiki. Usikichanganye na cha GPS, hicho kina waya mrefu na kidude cha mraba.

Kwenye simu zima VPN, na kwenye matumizi ya betri ya Android Auto ondoa vizuizi. Na kama redio inavuta intaneti kwa hotspot ya simu hiyohiyo, zima kabla ya kitu kingine chochote.

kipimajoto: Kabla ya kufungua dashibodi, jaribu kwa waya wa USB unaopitisha data, si wa kuchajia tu. Ukikaa bila kukata, shida ni Wi-Fi. Pia usiweke simu juu ya dashibodi juani, ikichemka inajipunguzia nguvu.

dereva_ist: Kwa USB haikati. Njano ni 0 bila ufunguo, nikiwasha 12.3.

fundi_waya: Basi fyuzi ni nzima, njano imeungwa kwenye ACC. Kwenye soketi ya Toyota laini ya betri huwa ni bluu yenye mstari wa njano, ACC ni kijivu; hakikisha kwa mita. Fungua terminali hasi ya betri, hamishia njano kwenye hiyo bluu, mwekundu ubaki kwenye kijivu. Ukiweka yote miwili betri, redio haitazima na asubuhi gari haliwaki.