Mjadala: Tuwabane wanafunzi wazungumze Kiingereza, au tuwape nafasi ya kukizungumza?

Mleta mada, mwalimu wa sekondari, Temeke:

Ndugu zangu, katika shule nyingi za sekondari hapa Dar es Salaam ipo sheria inayomkataza mwanafunzi kuzungumza Kiswahili akiwa ndani ya eneo la shule. Utekelezaji wake mnaufahamu: kiranja wa lugha anazunguka na daftari akiandika majina, mlango wa ofisi ya walimu umebandikwa tangazo kwamba asiyezungumza Kiingereza hahudumiwi, na jioni majina yanasomwa mstarini. Wazazi wengi wanaipenda sheria hii, na wakuu wa shule wanaiona nyepesi kwa kuwa haina bajeti. Mimi naipinga, kwa sababu ninachokiona ikizalisha ni ukimya. Mwanafunzi wa kidato cha kwanza anayeumwa tumbo husimama nje ya ofisi akimsubiri mwenzake wa kidato cha tatu aje amwombee ruhusa. Asipotokea, anarudi darasani na tumbo lake mpaka kengele ya mwisho.

Sitaki tuingie katika ule mjadala mwingine, wa lugha ipi itumike kufundishia. Tume ya Rais ya Elimu, ile ya Makweta, ilipendekeza mwaka 1982 kwamba Kiswahili kiingie sekondari, pendekezo likawekwa kando. Mwaka 1984 watafiti Criper na Dodd walionyesha kwamba wanafunzi wengi hawakuwa na Kiingereza cha kutosha kufuata masomo yao, na baadaye mradi wa msaada wa Uingereza ukaleta vitabu na wataalamu. Sera ya Elimu ya mwaka 2014, toleo la 2023, imekiacha Kiingereza sekondari, na mtaala mpya umelirudisha somo hilo darasa la kwanza baada ya ule wa 2015 kulisogeza hadi la tatu. Hayo yamekwisha kuamuliwa. Ninachouliza ni nini kinafanyika ndani ya kipindi.

Kipindi ni dakika 40. Darasa likiwa na wanafunzi 90, na mwalimu akanyamaza kabisa ili wao wazungumze mmoja mmoja, kila mmoja atapata sekunde zisizofika 27. Na hakuna mwalimu anayenyamaza. Lakini wakikaa wawili wawili kwa dakika kumi, kila mtoto atakuwa amezungumza dakika tano siku hiyo, na wakiruhusiwa kupanga kwanza kwa Kiswahili watakachokisema, watakuwa na jambo la kusema. Hatufanyi hivyo kwa sababu mtihani wa kidato cha nne wa somo la Kiingereza ni wa kuandika tu, na mwalimu anayepimwa kwa ufaulu hufundisha kinachotoka kwenye karatasi. Napendekeza kuzungumza kupimwe, daftari la kiranja lifutwe, na mwalimu aachiwe uamuzi wa lini Kiswahili kisaidie darasani mwake.

Mzazi, Tabata:

Ndugu mleta mada, naheshimu uzoefu wako lakini siafikiani nawe. Watoto wa shule za mchepuo wa Kiingereza wanakizungumza kwa sababu hawana hiari, na wazazi wao wanailipia hiyo sheria kwa mamilioni. Wangu anasoma shule ya kata. Akitoka getini, kwenye daladala ni Kiswahili, nyumbani ni Kiswahili, kwenye simu ya dada yake ni Kiswahili. Shule ndiyo mahali pekee anapolazimika kukisikia na kukitamka, nawe unataka hapo napo alegezewe. Siku ya usaili wa kazi pale Posta, katikati ya jiji, hakuna atakayempa dakika kumi za kupanga kwa Kiswahili. Aibu ya mstarini anaikumbuka, lakini aibu ya kukosa kazi ni kubwa zaidi.

Mwalimu wa shule ya msingi, Mbagala:

Nashukuru kwa mada hii, ila naomba tusiruke hatua. Mimi nimesomea ualimu wa cheti, na masomo ya msingi nimeyafundisha kwa Kiswahili maisha yangu yote ya kazi. Leo nakabidhiwa darasa la kwanza nilifundishe Kiingereza, mkondo wenye watoto zaidi ya mia, na baadhi ya maneno ya kitabuni sina hakika ya matamshi yake. Mwalimu mwenye wasiwasi hukimbilia kuwaitikisha watoto kwa pamoja, kwa sababu katika kiitikio kosa lake halisikiki. Sisemi haya kwa kujidharau; tupo wengi.

Hiyo ya wawili wawili nimeijaribu kwa darasa la tano. Kila dawati linakaa watatu, basi mmoja akawa muuza genge na wawili wateja, wakaulizana bei za nyanya, dagaa na mafuta ya kupima kwa Kiingereza. Walizungumza kweli, hata wale ambao tangu Januari sikuwahi kusikia sauti zao. Kelele zikafika darasa la upande wa pili wa ukuta, nikaitwa kuulizwa kwa nini darasa langu halina utulivu. Kwa hiyo kabla ya kumwezesha mwanafunzi, mtu amweleze anayekagua vipindi hapo shuleni kwamba kelele hizo ni somo.

Mafunzo endelevu ya walimu kazini, yaani MEWAKA, yametupa mwanya mzuri, kwa kuwa tunakutana shuleni kwetu badala ya kusubiri semina. Lakini vikao vyetu vingi huishia kwenye kujaza fomu. Ningependa nusu saa tu, walimu tukizungumza Kiingereza sisi kwa sisi, tukirekebishana bila mwalimu mkuu kuwapo.

Mleta mada:

Mzazi wa Tabata, hoja yako kwamba shule ndiyo mahali pekee ni nzito, na ndiyo inayonifanya nione kipindi hakipaswi kupotea kwa kunakili ubaoni. Ila mtoto wa mchepuo ameanza chekechea, mara nyingi katika darasa dogo, na ana vitabu vyake mwenyewe. Katazo limekuja juu ya hayo yote. Shule za kata zimechukua katazo peke yake.

Mwalimu wa Mbagala, nusu saa hiyo bila mkuu wa shule naichukua kama ilivyo, naiingiza katika mapendekezo yangu.

Mthibiti ubora wa shule (mkaguzi) mstaafu, Kigamboni:

Swali moja. Mkisema kuzungumza kupimwe na alama ziingie kwenye upimaji endelevu, nani atazisimamia? Ninavyozijua shule zetu, alama zitapikwa.

Mleta mada:

Zitapikwa kama kila mwalimu atawapima wanafunzi wake mwenyewe. Shule mbili za kata jirani zibadilishane walimu kwa siku mbili, wanafunzi waingie wawili wawili, mazungumzo ya dakika nne yarekodiwe kwa simu ya mwalimu na kuhifadhiwa ofisi ya kata, ili wathibiti ubora wachukue machache na kuyasikiliza. Gharama ni nauli ya daladala na chakula cha mchana. Kama kuna mkuu wa shule humu, wa Temeke au Ilala, aliye tayari kuanza na kidato cha pili muhula ujao, ajitokeze tupange.