Mjadala: Tukubali dawa ya konokono imwagwe kwenye bwawa letu?

Mtoa mada (mwalimu, Pemba)

Asalaam alaykum ndugu zangu. Wiki iliyopita katika kikao cha shehia, yaani serikali yetu ya mtaa, tuliulizwa kama tunakubali konokono wa bwawani wamwagiwe dawa ili kumaliza kichocho, ugonjwa wa minyoo ambayo hupitia kwa konokono kabla ya kumwingia mtu. Wakulima wa mpunga walikataa, kina mama wenye watoto wa skuli walikubali, kikao kikavunjika bila jibu. Mimi nasema tusikubali kwa namna ilivyoletwa.

Jumamosi nilivaa buti za mpira nikashuka bwawani, watoto nikawaacha ukingoni. Nikageuza jani la yungiyungi. Chini yake walikuwapo konokono saba wa kahawia, mkubwa wao kama ukucha wa kidole gumba, na pembeni mayai yao ndani ya ute ulioganda. Ukimshika huyo ncha ikiwa juu na mdomo wa gamba ukikutazama, mdomo uko upande wa kushoto. Hiyo ni alama mojawapo ya konokono wa jamii ya Bulinus. Lakini visiwani kwetu wapo Bulinus wa namna zaidi ya moja. Anayebeba kichocho ni globosus. Nasutus, mwenye ncha ndefu zaidi, hakienezi. Dawa haiwabagui, na konokono wengine wasiohusika nao wanakufa.

Halafu tazameni maumbile yake. Konokono huyu ana jinsia zote mbili ndani ya mwili mmoja na anaweza kujipandisha mwenyewe. Akibaki mmoja, bwawa linajaa tena. Kiangazi maji yakikauka anajifukia kwenye tope na kukaa humo miezi, dawa haimfikii. Wanaokufa pia ni samaki na vyura, maana niklosamaidi, hiyo dawa yenyewe ya konokono, ni sumu kali kwao. Perege wa bwawa lile ni kitoweo cha nyumba nyingi hapa.

Na jaribio tumeshalifanya wenyewe. Kati ya 2012 na 2017, mashehia 90 ya Unguja na Pemba yaligawanywa mafungu matatu. Wote walipewa vidonge vya kutibu kichocho. Fungu la pili liliongezewa dawa ya konokono, la tatu elimu ya kubadili tabia. Kichocho kilishuka kote, lakini tofauti kubwa kati ya mafungu haikuonekana. Basi kwa nini tuue samaki wetu?

Mchangiaji (mgawaji dawa wa kujitolea, Pemba)

Shikamoo mwalimu. Mimi ndiye ninayesimama na ile fimbo ya kupimia urefu, mtoto anasimama, nahesabu vidonge, namhimiza amalize mkate kwanza ili tumbo lisimsumbue. Baada ya miezi michache mama yake ananiita pembeni: mkojo una damu tena. Nimeona hivyo si mara moja.

Dawa ya kumeza inaua minyoo iliyokomaa. Minyoo michanga iliyoingia wiki hiyo inasalimika, na mtoto akirudi majini anaambukizwa upya. Tena saa zenyewe ndizo mbaya: konokono aliyeambukizwa hutoa vijidudu vyenye mkia wa panda jua linapokuwa kali, mchana, wakati watoto wametoka skuli na wanakimbilia maji. Konokono mmoja hutoa mamia kwa siku, hata maelfu, nao wanapenya ngozi kwa dakika chache tu. Wewe unaona samaki, mimi namuona binti atakayefika utu uzima na vidonda vya kichocho katika via vya uzazi.

Kuhusu lile jaribio, mwalimu, tusisahau kwamba kichocho kilikuwa kimeshashuka sana kabla halijaanza. Miaka ya 1980 palikuwa na skuli ambazo zaidi ya nusu ya watoto walikuwa nacho. Ugonjwa ukishakuwa mdogo, tofauti kati ya mafungu ni ngumu kuiona. Shirika la Afya Duniani nalo mwaka 2022 lilipendekeza vidonge viende pamoja na kudhibiti konokono. Wajapani waliwaua konokono wao, wakajengea mifereji ya mashamba kwa saruji, na mwaka 1996 wakatangaza kuwa wamekimaliza.

Mchangiaji (Ukerewe)

Nawasoma kwa hamu, maana sisi ziwani hatuna hata nafasi ya kubishana. Konokono wetu ni Biomphalaria, bapa kama kamba iliyoviringishwa, na kichocho chake ni cha tumbo. Nani atamwaga dawa Ziwa Victoria likatosha? Ninyi mna vijito na mabwawa mnayoweza kuyahesabu.

Ila msiisahau kazi ya samaki. Ziwa Nyasa, samaki wanaovunja magamba ya konokono walivuliwa kupita kiasi karibu na ufukwe, na watafiti wa huko wanahusisha jambo hilo na kichocho kuongezeka. Sisemi mlete mnyama wa kigeni. Kenya waliingiza kamba wa maji baridi mwenye asili ya Marekani. Kamba huyo anakula konokono kweli, lakini kwenye Ziwa Naivasha ameharibu mimea ya maji. Jambo jepesi zaidi ni majani yenyewe. Senegali waliondoa magugu ya majini pale watu wanapochotea, konokono wakapungua, maambukizi ya watoto yakapungua, na magugu yakageuzwa mbolea na chakula cha mifugo. Utafiti wake ulitoka 2023.

Mtoa mada

Dada yangu, umenigusa na nakubali sehemu. Hoja yako kuhusu jaribio sikuwa nimeipima vizuri. Ikiwa ugonjwa ulikuwa umeshashuka, basi matokeo yale hayathibitishi kwamba dawa ya konokono haifai kitu.

Lakini kuna jambo naomba tulishike wote. Konokono hazaliwi na kichocho. Yai lenye mwiba linatoka kwenye mkojo wetu, linaanguliwa majini, na kijidudu chake kina saa chache tu za kumpata konokono kabla hakijafa. Mkojo usipofika bwawani, konokono wale saba chini ya jani ni konokono tu. Na bwawani tunapelekwa na nini? Bomba la upande wetu lina wiki tatu halitoi maji. Mwenye ndoo na nguo za watoto wanne aende wapi?

Kwa hiyo kikaoni nitasema hivi. Kwanza aje mtu mwenye hadubini, awaweke konokono kwenye vikombe vya maji juani na kutazama kama wanatoa vijidudu, kwa sababu kwa macho aliyeambukizwa hatambuliki. Wasipotoa, arudi tena baada ya wiki chache, maana mara nyingi walioambukizwa ni wachache mno. Wakionekana, dawa iwekwe pale pa kufulia na kuogea tu, si bwawa zima, na tuambiwe siku kabla. Magugu ya hapo tuyang'oe sisi wenyewe, tumevaa buti. Na bomba liandikwe kwenye muhtasari uleule, si kikao kingine.

Mlioko kwenye mashehia yaliyomwagiwa miaka ile, naomba mtuambie: perege na vyura walirudi baada ya muda gani? Na konokono je?